Nauli ya Mtwara na Mengineyo

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Mtu aliyestaafu, asiye na pa kuwahi, ndiye hasa anayehitaji kukumbushwa kwamba amechelewa. Nimeitundika sebuleni. Inaenda kwa hiari yake kama ratiba za meli zetu za zamani, kwa hiyo tunaelewana.

Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazini. Ya vyeo sitayagusa. Vilikuwa vichache, na vilivyokuja vilikuta nimeshazoea kukaa bila. Ya mishahara nayo tuyaache, tusije tukalizana bure. Nitaandika kisa kimoja tu, kwa sababu ya swali la Neema, yule binti wa kaunta ya mbele. Siku zangu za mwisho pale ofisini ilitia nanga meli kubwa ya watalii, wazee wa Kizungu wakashuka na kaptura zao, wakapiga picha kila kitu mpaka pipa letu la taka. Neema akaniuliza, "Bibi, enzi zenu watu wetu walipanda meli kwa starehe kweli? Yaani kutembea tu? Na jumla yake ilikuwa inafika ngapi?" Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Jibu la mdomo lingemchelewesha chakula cha mchana, na najua mnavyokiheshimu.

Nilianza kazi nikiwa binti mwembamba niliyetoka shule, kwenye ofisi ya wakala wa meli nyuma ya Posta. Ndani mlikuwa na kaunta ya mbao za mninga iliyolainishwa na viwiko vya abiria, feni moja, na ubao mkubwa ukutani uliochorwa vyumba vyote vya meli. Kila kitanda kilikuwa na msumari wake. Ukiuza kitanda, unatundika kipande cha bati kwenye msumari. Hiyo ndiyo ilikuwa kompyuta yetu. Haikuwahi kutuambia kwamba mtandao uko chini, ila feni ikizidisha ari vipande vilianguka, na abiria wawili wasiojuana wakakutana kwenye kitanda kimoja wakiwa wamevaa nguo za kulalia.

Karani mkuu alikuwa Mzee Kibwana, mtu wa pwani wa asili, kofia ya kiua kichwani na miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kuinua macho, akanisogezea kiti na kuniachia foleni. Mafunzo yakawa yamekwisha.

Abiria wangu wa kwanza alikuwa kijana wa kwenda Mtwara. Aliuliza nauli ya sitaha, yaani ile ya kulala nje juu ya mkeka wako, ukimwomba Mungu mvua isikumbuke njia. Nikamtajia kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Akalipa, akachukua tiketi, akafika mlangoni. Mzee Kibwana akamwita.

"Kijana, rudi. Binti amekutajia bei ya kupanda. Bei ya kufika unaijua?"

Kijana hakuijua. Mimi pia. Mzee akamuuliza atakula nini. Melini chakula kilikuwepo, lakini mpishi alipika akisikia hamu, na hamu yake iliamshwa na noti. Akamuuliza atalalia nini, na meli ikichelewa atakuwa kwa nani, maana ratiba ilisema Jumatatu lakini haikusema Jumatatu ipi. Akamuuliza kama atashuka Kilwa kuona ndugu. Pale meli ilitia nanga mbali, abiria wakachukuliwa na mashua, na wenye mashua walikuwa na adabu ya kukutajia bei mkiwa katikati ya maji, mahali ambapo mtu hana ubishi mwingi. Kijana akaondoka amenywea, tiketi ameishika kama hati ya kuitwa mahakamani.

"Umemtisha, mzee," nikasema.

"Nimemwokoa. Nauli, mwanangu, ni kupiga hodi tu. Kuingia ndani kuna bei yake."

Hilo ndilo somo pekee nililowahi kupewa rasmi, na nimelifanyia kazi mpaka juzi mliponikabidhi saa.

Watu wetu wengi walikuwa wa kusini: Lindi, Kilwa, Mtwara, wenyeji wa huko waliokuja Dar kutafuta maisha wakayakuta yamepanga foleni. Masika yakianza, barabara ya kusini iliitwa barabara kwa heshima tu, kwa hiyo wote wakaja kwetu. Nikajifunza kumsoma abiria kabla hajafungua mdomo. Wa msiba alikuja na jamaa wawili wa kumsemea. Wa harusi alikuja na sanduku. Mtumishi wa serikali aliyehamishwa alikuja na uso wa mtu aliyeonewa. Hakuna aliyesafiri bila sababu. Nchi ilikuwa inajenga taifa, na ukionekana unafurahi peke yako uliweza kuulizwa unafurahia nini.

Ndipo siku moja akaja Bi. Somoe.

Nilimfahamu. Nyumba yao ilitazamana na niliyopanga mimi, nyuma ya soko la Kariakoo. Alikuwa mkaangaji samaki kule soko la samaki la Feri, na akiingia mahali unajua kwanza kwa pua. Mumewe, Mzee Chipande, alikuwa kuli wa bandarini, mbeba magunia, mpaka mgongo wake ulipokataa kazi kabla yake. Sasa alishinda barazani akiwafundisha wapita njia namna ya kubeba vitu.

Bi. Somoe akafungua fundo la khanga, akaweka pesa juu ya kaunta.

"Mwanangu, nataka Mtwara kwenda na kurudi, watu wawili, chumba chenye vitanda."

"Pole, Bi. Somoe. Mmefiwa?"

"Hatujafiwa."

"Kuna harusi?"

"Hakuna."

"Nani anaumwa?"

"Mbona unaniombea mabaya asubuhi yote hii? Tunaenda kutembea. Tunapanda, tunafika, hatushuki, tunarudi."

Feni ikasimama. Kusema kweli umeme ulikatika, lakini haikupata kusimama kwa wakati unaofaa zaidi.

Akaniinamia, akashusha sauti. "Mume wangu amepakia meli tangu mkoloni yupo. Hajapanda hata moja. Mjini hapa alikuja kwa miguu na kwa lori la watu. Juzi tumekaa barazani, ikasikika honi ya meli inayoondoka. Akaniambia, 'Somoe, magunia yote yamesafiri. Nimebaki mimi.' Akaingia ndani akalala. Mimi nimeshindwa kula."

Sasa, vyumba vya daraja la kwanza vilihitaji kibali cha Meneja. Ndugu Meneja, kama tulivyomwita, kwa sababu wote tulikuwa ndugu isipokuwa siku ya mshahara, akatoka ofisini kwake kuja kuona mwanamke anayetaka kutembea.

"Vyumba hivi ni vya watumishi wenye shughuli za taifa," akasema.

Shughuli zenyewe nilizijua, maana mhudumu wa meli alikuwa akitusimulia. Nyingi zilikuwa kulala mpaka Mtwara. Lakini Mzee Kibwana alikuwa ameshasimama.

"Ndugu Meneja, mume wa mama huyu ni mfanyakazi wa bandari mstaafu. Anakwenda kukagua matunda ya jasho lake."

Meneja alikuwa ametoka wiki ile ile kwenye semina ya heshima ya mfanyakazi, amekula posho yake na soda. Akatafuta pa kushikia, akakosa. Akasaini.

Tukakaa watatu kupiga hesabu. Nauli ilikuwa ile ile ya siku zote, ikaishia kwenye mstari wa kwanza wa karatasi. Chakula Bi. Somoe angepika mwenyewe: samaki wa kukaanga kwa chumvi nyingi wasiharibike, mikate ya kumimina, maji kwenye dumu, na ndimu za kunusa tumbo likivurugika. Shati la mumewe lingeshonwa jipya, maana hawezi kulala daraja la kwanza na fulana yenye jina la kiwanda cha saruji. Mzee Kibwana akasema tuweke hamali wa kubeba mizigo gatini. Bi. Somoe akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Mume wangu abebewe mzigo? Atamnyang'anya huyo hamali amwonyeshe unavyobebwa."

"Weka, mama. Mgongo wake haujaulizwa."

Mashua haikuwepo, kwa sababu hawashuki. Siku za kusubiri hazikuwa na gharama, kwa sababu wanakaa mjini. Nikaiona ndiyo safari nyepesi kuliko zote nilizowahi kuziuza, nikaanza kuipenda. Mzee Kibwana akavua miwani.

"Nani anajua kama mnasafiri?"

"Hakuna."

"Mumeo?"

"Bado. Nataka nimshangaze."

"Vizuri. Mwambie asubuhi, mwondoke adhuhuri. Mama, ukinisikiliza hilo moja, hesabu hii itabaki hivi ilivyo. Likitoka nje, sisi wawili hapa hatutaiweza."

Bi. Somoe akaapa. Alikuwa mkweli. Lakini shati haliwezi kushonwa bila mwenye mabega, na fundi cherehani akimpima mzee bila harusi wala Idi lazima mzee aulize. Akaambiwa. Wanasema aliomba tu fundi aongeze mfuko wa pili. Jioni hiyo akaenda kijiweni kwa muuza kahawa, akawaambia wenzake kwa siri. Siri kijiweni pale huishi muda wa kikombe kimoja. Kashata zilikuwa hazijaisha, mtaa mzima ukawa unajua kwamba Chipande anaenda kusini daraja la kwanza, tena ana chumba.

Ninyi hamkuiona miaka ile, kwa hiyo niwaeleze. Sukari ilikuwa habari. Sabuni ilikuwa bahati. Khanga mpya ilipofika duka la ushirika, foleni ilifika kona ya pili kabla mlango haujafunguliwa, na wengine walipanga bila kujua kinachouzwa, ili mradi wasikose. Na Dar tulikuwa tunajiona wahitaji, lakini kusini walikuwa wanatuonea wivu sisi. Kwa hiyo mtu wa kusini akipata sukari Kariakoo, aliipunja chai yake mwenyewe akamwekea mama yake Lindi. Kilichokosekana ni mtu wa kuipeleka. Sasa amepatikana, tena ana chumba.

Mama Jeni, jirani yao wa ukuta mmoja, alikuwa wa kwanza. Alileta sukari ya mama yake. "Ni kidogo tu, Somoe." Neno kidogo Kariakoo halina uzani. Fundi cherehani akaleta doti za khanga za dada zake. Mwenye duka la kona akaleta miche ya sabuni, imefungwa kwenye gazeti lenye hotuba kuhusu kubana matumizi. Mama mmoja wa mtaa wa Mchafukoge, ambaye hata hawakumjua vizuri, akaleta sufuria mpya na maelekezo: "Mtamkuta binti yangu Mtwara. Mtapita tu kumsalimia, mle kwake chakula, mwangalie kama mumewe bado anampiga."

Nilikwenda kwao alasiri na penseli yangu, nikakuta chumba kimejaa mpaka dirishani. Mzee Chipande amekaa juu ya furushi kama mfalme.

"Bi. Somoe, hesabu yetu imekufa," nikamwambia. "Hapa pana mkokoteni wa kwenda bandarini, pana mahamali wawili, pana malipo ya mzigo wa ziada, na mtashuka kila bandari. Mashua mara ngapi? Warudishie watu vitu vyao."

"Nitawarudishiaje? Hawa ndio watu watakaotuzika."

"Basi wapunguze."

"Nimpunguze nani nimwache nani?"

Mzee akaingilia, anang'aa. "Mwache, binti yangu. Miaka yote nimepita mtaa huu, hakuna aliyeniita jina. Leo hata Mchafukoge wananijua."

Nikairudisha penseli mfukoni. Karani hana dawa ya furaha.

Siku ya safari zamu yangu ilikuwa getini, kukagua tiketi. Nitawaeleza jinsi geti lilivyokuwa: kwanza mimi, kisha meza ndefu ya mgambo waliokuwa wakisaka walanguzi. Mlanguzi alikuwa mtu anayeficha bidhaa ili azipandishe bei, na vita dhidi yake ilikuwa imepamba moto. Walanguzi wakubwa, kama mjuavyo, hawasafiri na mkokoteni. Kwa hiyo vita ilipiganwa pale mezani, na adui aliyekamatwa zaidi alikuwa bibi mwenye vipande vya sabuni ndani ya unga.

Mkokoteni wa akina Chipande ukaingia unalia magurudumu. Mzee ana shati lake la mifuko miwili. Nikatoboa tiketi zao na kifaa changu, nikasema, "Safari njema."

Kamanda wa mgambo alikuwa kijana wa kombati iliyopigwa pasi ikawa na makali. Akafungua furushi la kwanza. Sukari. La pili. Sabuni. La tatu khanga mpya, bado zina karatasi ya kiwandani. Wenzake wakaacha abiria wengine wakaja kutazama, kama watu waliovua papa.

"Mzee, una duka wapi?"

"Sina duka, mwanangu."

"Haya yote unakula mwenyewe?"

"Ni ya watu."

"Watu gani? Taja majina na nyumba zao. Tutakwenda tuwaulize walivyopata."

Bi. Somoe akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na kule nje jua lilikuwa linachoma. Nilielewa anachokiona. Mzee akitaja majina, mgambo wataingia mtaani nyumba kwa nyumba. Asipotaja, atalala ndani yeye, na meli haitamsubiri.

Mzee Kibwana alikuwa ameshafika kutoka ofisini, anahema. "Kamanda, mzee huyu anajulikana bandari nzima."

"Walanguzi wote wanajulikana," kamanda akajibu. Sikumpenda, lakini jibu lilikuwa zuri.

Honi ya meli ikapiga mara ya kwanza. Mzee Chipande akageuka kuitazama. Halafu akatazama mkokoteni, furushi moja baada ya jingine, taratibu, kama mtu anayekadiria uzito kwa mazoea.

"Majina siyajui," akasema.

"Hujui majina ya waliokupa mizigo?"

"Mimi kuli, mwanangu. Kuli haulizi gunia la nani. Kilicho changu hapo ni dumu la maji, kapu la chakula na mkeka. Hivyo vingine havina mwenyewe."

"Kama havina mwenyewe tunavichukua."

"Chukueni."

"Vyote?"

"Baba, si nimeshasema? Niachie kapu. Kuna samaki."

Kamanda alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa rushwa, kwa kupigiwa magoti. Kwa kuachiwa tu hakujiandaa. Mlanguzi gani anaiacha sukari bila kugeuka? Akamtazama yule mzee mwenye mgongo uliopinda, akatazama tiketi ya daraja la kwanza, mambo hayakumwingia akilini. Akamruhusu apite, nadhani kwa uchovu.

Bi. Somoe hakusogea.

"Chipande," akamwita, "tutarudi wapi sisi? Nitamwangalia vipi Mama Jeni?"

"Kwa macho, Somoe. Njoo."

"Watatutenga."

"Watutenge tukishafika."

Akabaki amesimama kati ya mkokoteni na ngazi. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama siku ile, na nimefanya kazi na watu wa misiba maisha yangu yote. Honi ikapiga tena. Akajitanda khanga yake vizuri, akachukua kapu la samaki kutoka mezani kwa mgambo, ambalo mkono wa mgambo mmoja tayari ulikuwa unalipapasa, akapanda ngazi bila kugeuka nyuma.

Walipoondoka, deni lote likabaki kwangu. Mtaa ulijua jioni ile ile. Mama Jeni alinisubiri mlangoni na mikono kiunoni, na nyuma yake wenzake.

"Wewe ndiye uliyekuwa getini. Sukari yangu iko wapi?"

"Kituo cha polisi, Mama Jeni. Mzee Kibwana amesema atakusindikiza kesho ukadai. Utaeleza tu ni yako, na ulinunua duka gani."

Fundi cherehani akakumbuka kuna suruali ya mteja inamsubiri. Mwenye duka la kona akasema kwa kweli yeye hakumbuki kama alituma kitu, na kama alituma kilikuwa salamu. Kesho yake Mzee Kibwana alingoja kituoni mpaka akachoka. Hakuna aliyetokea. Kariakoo nzima ikawa haijapata kuiona sukari hiyo. Iliishia wapi sitasema, kwa sababu sijui. Najua tu kwamba wiki ile chai ya kituoni pale ilisifiwa sana na waliokuwa wamewekwa ndani.

Basi ikawa hasira isiyoweza kusemwa, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Waliporudi, hakuna aliyewagombeza. Waliacha tu kumwamkia Bi. Somoe. Akiomba kaa la moto anaambiwa jiko limezimika, na moshi unaonekana. Wateja wake wa mtaani wakagundua ghafla kwamba samaki wa Feri wana miba. Hilo, wanangu, halikuwa kwenye hesabu ya Mzee Kibwana, na ndilo lililolipwa kwa muda mrefu kuliko nauli. Korosho walizotoka nazo kusini waligawa nyumba kwa nyumba. Mama Jeni alizila zote na hakumsamehe. Alikuja kumsamehe baadaye sana, kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto uliowakesha wote wawili hospitali, lakini hicho ni kisa kingine na si changu.

Mzee mwenyewe alipita ofisini siku chache baada ya kurudi. Alikuwa amekonda. Nikamuuliza safari ilikuwaje.

"Binti yangu," akasema, "nimezipakia meli maisha yangu yote. Hakuna aliyeniambia kama zinatikisika."

Alitapika tangu Dar ilipopotea machoni mpaka karibu na Mtwara. Samaki wa Bi. Somoe waliliwa na mhudumu. Kitanda cha daraja la kwanza, kile kilichosainiwa na Ndugu Meneja, alikikimbia, akalala chini sakafuni ameshika mguu wa meza. Lindi dada yake, aliyekuwa amepata habari, alipanda mashua akaja mpaka ubavuni mwa meli kupokea zawadi. Akaoneshwa mikono mitupu. Dada akamtazama kaka yake aliyekuwa kijani kama jani la mpapai, akamwambia, "Wewe ndiye mzigo?" kisha akawarushia kapu la korosho. Ndizo hizo.

Mzee Kibwana alisikiliza yote akitikisa kichwa, akasema sasa tumejua bei ya kufika. Nami nilikuwa nimeshafunga hesabu hiyo kichwani upande wa hasara. Ndiyo maana, Bi. Somoe alipokuja peke yake baadaye, nilimuuliza wazi kama asingeona afadhali pesa ile wangenunulia mabati.

Akakaa kwenye benchi la abiria, akavua viatu.

"Tulifika Mtwara asubuhi," akasema. "Meli ikafunga gatini, ikatulia, na yeye akatulia. Akaoga, akavaa lile shati. Makuli wakaanza kupakua. Nikajua sasa atashuka akawaingilie, atawaambia shikeni hivi, inueni vile. Mlango wa kushuka ulikuwa wazi. Hakwenda. Akavuta kiti mpaka kwenye ukingo, akakaa. Mhudumu akapita na chai, kwenye kikombe cha kaure na kisosi. Bei yake sikutajii, utadhani nimekuwa mwendawazimu. Akaniambia, 'Somoe, nilipie.' Nikalipa. Akakaa pale juu anawatazama, kule chini wanainama na magunia wanaondoka nayo mgongoni, jua limeshachachamaa. Mmoja akainua uso akamwona, akamwamkia: 'Shikamoo, bosi.' Na yeye akaitika. Mimi nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliinywa ile chai kidogo kidogo mpaka gunia la mwisho likashuka."

Akavaa viatu vyake, akaenda kuwahi samaki Feri. Nilichukua penseli, nikaipitia tena hesabu yetu yote, nauli, shati, hamali, ndimu. Chai haikuwemo.